Hospawa au wepesi? Mainjinia wa supakaa bado hawajakubaliana

Kila supakaa mpya ikitoka watu tunauliza mambo mawili tu, ina hospawa ngapi na inafika 100 kwa sekunde ngapi. Mi naona hayo maswali umeme umeshayamaliza. Rimac Nevera, gari ya umeme ya kule Kroatia, ina mota nne, kila tairi na mota yake, jumla hospawa 1,914, na mwaka 2023 ilitoka sifuri mpaka 100 kwa sekunde 1.81. Ukishafika hapo kinachokuzuia sio mota tena, ni tairi, maana mpira una kikomo cha kushika lami na huwezi kukipita kwa kuongeza pawa. Kwa hiyo swali la maana limebaki lilelile la zamani: ukitaka gari bora kabisa, unaongeza nguvu au unapunguza uzito?

Upande wa uzito una mtu wake, Gordon Murray, mbunifu wa magari mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. Mwaka 1992 McLaren walionyesha gari yake ya barabarani iliyoitwa F1, kilo 1,138 tu, chesisi ya kaboni faiba wakati karibu gari zote za barabarani zilikuwa hazina kitu kama hicho, dereva anakaa katikati, injini ya BMW silinda 12 lita 6.1 bila turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), hospawa 627, na chumba cha injini kikafunikwa kwa dhahabu kwa sababu dhahabu inarudisha joto vizuri na haili nafasi wala kilo. 1998 ikapelekwa kwenye barabara ya majaribio ya Ehra-Lessien Ujerumani ikagonga kilomita 386 kwa saa.

Upande wa pili ni Ferdinand Piëch, aliyekuwa bosi wa Volkswagen, aliyetaka Bugatti ya hospawa zaidi ya elfu moja ipite kilomita 400, na akaipata. Veyron ya 2005, silinda 16, lita 8, turbo nne, hospawa 1,001, spidi 407. Ila angalia gharama yake kiufundi: injini ikitoa nguvu kiasi hicho joto linalotoka ni kubwa kuliko nguvu yenyewe, ndo maana ikawekewa rejeta 10, uzito ukapanda mpaka kilo 1,888 hivi, na kwenye spidi ya mwisho tangi la lita 100 linakauka kwa kama dakika 12.

Sasa piga hesabu. F1 inapata hospawa 0.55 kwa kila kilo, Veyron 0.53. Yani miaka 13 baadaye, hospawa karibu 400 za ziada, na kwa uwiano wa nguvu na uzito Veyron iko nyuma kidogo! Hapo mashabiki wa Murray wanashangilia, lakini tuwe wakweli, hesabu hiyo haimalizi kesi. Kwenye spidi kubwa adui sio uzito, ni hewa, na hewa haina huruma, ukitaka spidi mara mbili unahitaji nguvu karibu mara nane, sasa hapo kupunguza kilo hakukusaidii sana, unahitaji hospawa basi. Piëch alikuwa anatatua tatizo lingine kabisa, na lilitatuliwa vizuri sana.

Uzito unakuja kukudai kwenye breki na kwenye kona. Kwa spidi ileile Veyron ina nishati karibu theluthi mbili zaidi ya F1 ya kuzimwa kila unapokanyaga breki, na ndo maana bawa lake la nyuma linasimama kukinga upepo kusaidia kusimamisha gari. Nevera imezidi tani 2, betri kWh 120. Ujanja wao ni mkubwa na lazima tuuheshimu: betri imekaa chini kabisa na ni sehemu ya chesisi, alafu kompyuta inaamua zaidi ya mara 100 kwa sekunde kila tairi ipewe nguvu kiasi gani, hivo gari inaingia kona kama vile ni nyepesi. Ila tairi zinajua ukweli, zinabeba tani zote hizo.

Murray naye alirudi 2020 na T.50. Kilo 986! Silinda 12 za Cosworth, watengeneza injini wa Uingereza, lita 3.9, mizunguko 12,100 kwa dakika, gia ya mkono, na nyuma feni ya sentimita 40 inayonyonya hewa chini ya gari ili gari ikandamizwe barabarani bila bawa kubwa. Wazo la feni alishalitumia 1978 kwenye Brabham, gari ya mashindano ya Formula 1 ambayo dereva Niki Lauda alishinda nayo Sweden. Udhaifu wa njia hii ni pesa, wepesi wa kweli ni ghali kupita maelezo, zilipangwa gari 100 tu kwa bei ya zaidi ya pauni milioni 2 kila moja, wakati kazi ya Rimac kwenye betri na mota inauzwa kwa makampuni mengine ya magari, kwa hiyo faida yake inasambaa zaidi.

Kilichonivutia zaidi ni Bugatti Tourbillon ya 2024, maana Bugatti sasa iko chini ya Mate Rimac mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni ya Rimac, na huyo mtu wa umeme alipopewa nafasi hakuondoa injini ya petroli. Aliondoa turbo. Wakaweka silinda 16 mpya za Cosworth, lita 8.3, zinatoa hospawa 1,000, na mota tatu zinaleta 800, zinaziba ule upungufu wa nguvu za mizunguko ya chini ambao zamani turbo ndo zilikuwa zinauziba, na pamoja na betri wanasema haijazidi uzito wa Chiron iliyotangulia. Huo ni uinjinia wa kiwango cha juu, umeme umetumika pale unapofaa tu.

Hata hivyo kwangu kilo 986 bado ni kazi ngumu kuliko hospawa 1,914, sababu nguvu unaweza kuinunua ukiongeza mota, lakini kilo lazima uikate boliti moja moja. Siku betri ya kWh 120 ikipungua uzito kwa nusu nitabadilisha msimamo, na kwa jinsi Rimac anavyofanya kazi sitashangaa akiwa wa kwanza kufika hapo.