Homa ya kupe kwa mbwa: kutibu kwa kukisia au kupima kwanza?

Mbwa anapofikishwa kwa daktari wa mifugo Nairobi au Dar es Salaam akiwa na homa, amekataa chakula na ana kupe masikioni, mara nyingi huondoka na vidonge vya antibiotiki ya doksisaiklini bila hata tone la damu yake kuchunguzwa. Wapo wanaoutetea utaratibu huo na wapo wanaouita uzembe. Binafsi naona una mashiko kuliko wakosoaji wake wanavyokiri, ingawa una kasoro moja kubwa ambayo watetezi wake huipitia juu juu.

Erlikiosi, yaani homa ya kupe inayokisiwa hapa, husababishwa na bakteria Ehrlichia canis na huenezwa na kupe wa kahawia, ambaye huzaliana hata katika nyufa za banda na kuta za nyumba. Bakteria huyo alielezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, lakini ugonjwa ulipata sifa mbaya wakati wa vita vya Vietnam, ulipoua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, hasa wa aina ya German Shepherd, wakitokwa damu puani. Katika wiki za mwanzo dawa hufanya kazi vizuri, na aghalabu mgonjwa huanza kula tena ndani ya siku mbili hivi. Asipotibiwa, anaweza kuonekana mzima kwa miezi au miaka huku vimelea vikijificha kwenye wengu, na baadhi huingia hatua sugu ambapo uboho hushindwa kutengeneza chembe za damu. Aliyefika hapo ni vigumu kumwokoa, kwa hiyo kumsubirisha mgonjwa siku tano ili majibu yarudi kutoka maabara si uangalifu.

Wanaodai vipimo kwanza wanapaswa pia kusema ni vipimo vipi. Kile cha haraka cha kingamwili, kinachotegemewa sana, kinaweza kusema hakuna ugonjwa katika siku za mwanzo kwa kuwa kingamwili bado hazijatosha, kisha kikaendelea kuonyesha maambukizi miezi mingi baada ya mbwa kupona, hata akiwa anaumwa kitu kingine kabisa.

Kasoro niliyoitaja iko hapa: dalili za erlikiosi hufanana na za maradhi mengine yanayotaka tiba tofauti. Mbwa anayetokwa damu puani huenda amekula sumu ya panya, naye anahitaji vitamini K kwa haraka, si antibiotiki. Mwenye ufizi uliopauka na mkojo wa rangi ya kahawa huenda ana babesia, vimelea vinavyopasua chembe nyekundu za damu na ambavyo, kwa aina kali iliyopo Afrika, huua ndani ya siku chache. Mbwa mwenye babesia kwa kawaida hutibiwa kwa sindano ya dawa ya imidokabu, na doksisaiklini peke yake haitoshi. Na kabla ya kumfungua kinywa mbwa anayedondosha mate na kushindwa kumeza, kichaa cha mbwa kifikiriwe kwanza.

Kinachonishangaza ni kwamba mjadala huu huendeshwa kana kwamba hakuna njia ya kati, ilhali ipo na ni rahisi. Daktari huchoma ncha ya sikio kwa sindano, hupaka tone la damu kwenye kioo, hulikausha, hulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Bakteria wa erlikiosi huonekana kwa nadra, lakini uchache wa chembe za kugandisha damu unaoambatana na ugonjwa huo huonekana, na babesia mara nyingi hujionyesha ndani ya chembe nyekundu, wakiwa wawili wawili. Msimamo wangu ni kwamba damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, dawa ianze siku hiyohiyo, na mgonjwa asipopata nafuu ndani ya siku tatu, dhana ya mwanzo iangaliwe upya badala ya kuongezewa vidonge.

Upungufu mwingine hutokea nyumbani. Tiba ya erlikiosi huchukua wiki nne, lakini wenye mbwa wengi huacha mara mbwa anapoanza kubweka na kukimbia, kisha hulalamika kuwa dawa ni feki ugonjwa unaporudi. Wengine humaliza dozi yote lakini banda halipuliziwi dawa, na kwa kuwa kupona hakumpi mbwa kinga ya kuaminika, kupe walewale wa ukutani humwambukiza upya.