Mahindi yanaoza kiangazi, mnamlaumu mkulima

Nimechoka kusikia kwamba mahindi yakiota ukungu kwenye uwanja wa kituo cha kununulia, kosa ni la mkulima "asiyezingatia". Juzi tena, redioni. Mtaalamu mzima, dakika kumi na tano za hewani, na hakugusa hata kidogo kile ambacho mahindi hayo yamevalishwa: salfeti, yaani gunia la plastiki, na juu yake turubai.

Nendeni kituo chochote cha kununulia mahindi Nyanda za Juu Kusini mwezi wa nane. Mzigo umelala nje, foleni ya mizani haisogei, mvua iliaga tangu Mei. Maji yanatoka wapi basi? Yanatoka kwenye punje zenyewe. Mchana jua linachoma rundo, mvuke unapanda. Usiku baridi ya Njombe, mnaijua, inalishika turubai na mvuke unageuka matone yanayorudi kwenye magunia ya juu. Asubuhi pitisha kiganja chini ya turubai: kinatoka kimelowa. Gunia la katani lingenyonya jasho hilo, kisha likalitoa likipigwa upepo. Salfeti ni nyuzi bapa za plastiki, hazinyonyi chochote. Kinachopenya katikati ya nyuzi zake kinaishia kwenye punje, na kutoka ni kwa taabu, hasa kama gunia limeshindiliwa lumbesa, limejazwa kupita kiasi. Fungua gunia la juu uone: mahindi yameshikana mabonge, viini vimepiga kijani, harufu kama ya stoo isiyofunguliwa mwaka mzima.

Haya, najua mtakachosema. Katani ni ghali, na likinyeshewa linakunywa maji mpaka katikati. Nakubali, shingo upande. Na mahindi yaliyoshonwa guniani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yataoza hata ukiyavika hariri. Mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa? Safi kabisa kwa kumkosesha hewa Skania (mdudu dumuzi anayetoboa mahindi, kwa wageni wa mjini), lakini ni ya mahindi makavu, tena ndani, kivulini. Salfeti yenyewe ikikaa juani miezi kadhaa, unainyanyua inachanika mkononi.

Na hapa sitanii. Mwaka 2004 Wakenya 125 walikufa kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, wengi Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyowekwa na unyevu. Mwaka 2016 watu wakafa Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo, wenye viwanja: wekeni chaga chini, funueni turubai kila asubuhi jua likishatoka, acheni njia ya upepo kati ya marundo. Hayo hayahitaji semina wala posho.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kipimo. Mkulima anafika na mahindi makavu, anasubiri wiki mbili, zamu yake inafika ndipo kijana anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia na kumwambia "yamezidi unyevu, rudisha". Arudishe kwa nauli ya nani? Pimeni siku gari linapoingia getini, mwandike kwenye stakabadhi. Yatakayoota ukungu baada ya hapo, kwenye uwanja wenu, chini ya turubai lenu, ni ya kwenu. Lipeni.