Kitabu cha wanyama kipime kwa popo, sio kwa simba

Madogo wanaosomea utalii hapa Tanga wananiuliza sana, kaka ninunue kitabu gani cha wanyama wa Afrika, na mi jibu langu ni lile lile, fungua kurasa za popo kwanza. Kama hawamo au wamebanwa wote kwenye nusu ukurasa, rudisha kwenye shelfu, hiyo ni kalenda ya simba na tembo imepigwa jalada gumu.

Sibahatishi. Kile kikubwa kabisa, Mammals of Africa cha 2013, kina juzuu 6, na 2 nzima zimeenda kwa panya na sungura, kalunguyeye, virukanjia na popo, yani hawa ambao mtalii hata hawatolei simu. Simba mwenyewe kapangwa chumba kimoja na kakakuona, punda milia na faru! Sasa mtu kaangalia vitabu vya safari kajua wanyama ishirini hivi anajiona kaimaliza Afrika.

Mhariri mkuu wa hizo juzuu, Jonathan Kingdon, kazaliwa Tabora 1935 na alifundisha sanaa Makerere, na kwa kweli michoro yake inaonyesha. Picha ya kamera inakupa mnyama mmoja kwa mwanga wa siku ile, nusu kafichwa na majani, mchoro unakupa sikio lilivyo, mkia unavyoishia, mstari wa uso uko wapi. Mi nipeni mchoro.

Ila juzuu zote 6 sio bei ya mtu wa Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga. Tafuta kile chake cha kutembea nacho porini, The Kingdon Field Guide to African Mammals, na ukikipata mtumba angalia mwaka, maana toleo la kwanza ni la 1997 na la pili 2015, na hapo katikati kipunji katangazwa 2005 kama mnyama mpya kwa wataalamu, kima wa Rungwe na Udzungwa, afu 2008 akatangazwa sange mwenye uso wa kijivu, Udzungwa hiyo hiyo. Na huyo kipunji wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja kabla wataalamu hawajamwona. Sange wa kwetu yuko msitu wa Amani, pua ndefu utadhani panya kavalia mdomo wa mtu mwingine, kumbe ndugu zake ni tembo, pimbi na nguva. Kitabu kisichokwambia hilo kinakunyima utamu wote.

Kuna sehemu kitabu chochote kinakwama, komba. Wale wadogo wa pwani na milimani wanafanana mno, wataalamu wanawatofautisha kwa mlio, sasa karatasi itakuliliaje? Hapo tafuta rekodi za sauti, sikiliza na hedfoni usiku ukiwa shamba, hao hao wanaosingiziwa kumaliza tembo la watu juu ya mnazi.

Kwenye simu, orodha nyekundu ya IUCN, ile ya shirika la kimataifa la uhifadhi inayoonyesha mnyama yupi yuko hatarini kutoweka, ni bure na ina ramani za wapi mnyama anapatikana, bando dogo tu linatosha. iNaturalist nayo nzuri, unatupia picha watu wanakusaidia kumtambua, lakini usimeze jina la kwanza utakalopewa, hasa kwa panya na popo, subiri wengine wakubaliane.

Cha Kiswahili chenye popo na komba wote wa pwani, kwa michoro ya maana, mtaani sijakiona. Ukikiona niambie duka liko wapi, na bei pia.