Mama Mkwe Chini ya Ruta

Ruta (kifaa cha kugawa intaneti nyumbani) niliyoinunua mjini Kampala ilikuwa na tundu la USB mgongoni, na kwa kuwa mimi ni mtu asiyeweza kuona tundu likakaa bure, niliamua kwamba nyumba yetu ya Bweyogerere itakuwa na ghala la pamoja la mafaili, ili watoto waache kuninyang'anya flashi kila jioni.

Nilianza na diski kuukuu, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Kwa kawaida tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na diski yangu ilitaka zaidi ya hizo ili ianze kuzunguka, kwa hiyo ilitoa mlio wa tk, tk, tk kama mzee anayepapasa funguo gizani, kisha ruta nzima ikazimika na kuwaka upya. Nikaing'oa, nikachomeka flashi ya GB 64, mambo yakatulia. Hata nenosiri niliweka, refu, lenye herufi kubwa na tarakimu, nikawa natembea sebuleni kama meneja wa benki.

Katika mipangilio hiyohiyo palikuwa na kitufe cha huduma ya kurushia video kwenye televisheni, iitwayo DLNA. Nilikiwasha. Sikujua kwamba nenosiri langu lililinda folda zinapofunguliwa kwa kompyuta tu, ilhali DLNA haina habari na nenosiri la mtu: ilipita flashi nzima, ikaokota kila video iliyoikuta, ikazianika zote mbele ya televisheni. Nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli na kuacha ukuta wa nyuma haujajengwa.

Sasa, ndani ya folda niliyoiita "Binafsi" mlikuwa na video 3. Nilikusudia kumwomba baba mkwe mkopo wa kununulia pikipiki, na kwa kuwa mzee huyo alifanya kazi ya reli miaka mingi na anapenda Kiswahili kilichonyooka, nilijirekodi bafuni nikifanya mazoezi, taulo kiunoni, ili baadaye nichague ombi lililo bora. Majina ya video hizo yalikuwa "Baba Mkwe 1", "Baba Mkwe 2" na "Baba Mkwe 3 Machozi".

Jumapili wakwe wakaja kuwaona wajukuu. Mama mkwe, katika gomesi yake ya zambarau, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, alichagua kiti cha pembeni penye upepo, chini kabisa ya rafu ya ruta. Mzee akashika rimoti kutafuta mpira, akabonyeza hapa na pale, kisha akatabasamu.

"Mwanangu, naona humu umeniandalia kitu."

Dawa ilikuwa moja tu, kuchomoa flashi. Lakini mke wangu ni Muganda, na desturi ya Baganda haimruhusu mwanamume kumkaribia mama mkwe wake, sembuse kumwinamia na kunyoosha mkono juu ya kichwa chake. Nilisimama katikati ya sebule kama mlingoti, huku kwenye televisheni nikijiona kifua wazi, nikisema "Baba yangu mpendwa" kwa sauti inayorudi kwenye vigae. Ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Mzee alikuwa ametega sikio kwa heshima, kama mtu aliye msibani.

Ilipoanza ya tatu ndipo nilipopata akili ya kumtuma mwanangu wa miaka 6. Alipanda juu ya mkono wa kiti cha bibi yake, akachomoa flashi, lakini televisheni ilikuwa imekwisha kujiwekea akiba ya sekunde kadhaa, ikaendelea kuzionyesha, kisha ikaganda: uso wangu ukajaa kioo kizima, mdomo wazi, chozi likining'inia kidevuni.

Mama mkwe alijifunika uso kwa mshipi wa gomesi, mabega yakimtikisika. Mzee aliweka rimoti mezani taratibu.

"Katika ya kwanza uliomba milioni 2," alisema. "Katika hii umeomba milioni 3. Kwa hiyo machozi ni milioni 1?"

"Yanapunguzwa, Baba," nilijibu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la matoke.

"Pikipiki gani?" akauliza.