Nani abebe viroba, nani apange vipodozi?

Katika supamaketi, mteja huona rafu zilizojaa tu. Haoni gari likishushwa, mzigo ukihesabiwa na kuingizwa stoo, kisha ukitolewa kwa toroli na kupangwa, wa zamani mbele na mpya nyuma. Ukifuatilia nani hufanya lipi katika safari hiyo, mara nyingi utaukuta mstari ambao hakuna aliyeuandika. Wanaume wako kwenye gari, stoo, vinywaji, unga, sukari na zamu ya usiku. Wanawake wako kwenye vipodozi, nepi, mikate na kaunta ya malipo. Muulize supavaiza sababu, atakujibu kwamba mizigo ni mizito.

Jibu hilo lina uzito wake na halifai kubezwa. Kiroba cha unga ni kilo 25. Ndoo ya mafuta ya kula ya lita 20 inazidi kilo 18. Kwa wastani, mwanamume ana nguvu nyingi zaidi za mikono na mabega kuliko mwanamke, na hata mikataba ya kimataifa imelizingatia hilo. Mkataba Na. 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, unataka uzito anaobebeshwa mwanamke uwe mdogo kwa kiasi kikubwa kuliko wa mwanamume. Uingereza, mamlaka ya afya na usalama kazini huwapa waajiri vipimo vya mwongozo: kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke, mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili.

Lakini usome mwongozo huohuo hadi mwisho. Mwanamume akiokota mzigo sakafuni, au akiuinua juu ya mabega, kipimo chake kinashuka hadi kilo 10. Maana yake ni kwamba mwanamke anayechukua kartoni ya kilo 15 juu ya toroli iliyo usawa wa kiuno yuko salama kuliko mwanamume anayeiokota kartoni hiyohiyo chini. Mahali mzigo ulipo, umbali wake na mwili, na idadi ya mara unazouinua vina uzito kuliko jinsia ya anayeuinua. Meneja anayewaondoa wanawake stoo kwa kisingizio cha usalama, huku viroba vikiwa vimerundikwa sakafuni na hakuna hata kigari cha mkono, hajamlinda mtu yeyote. Amechagua tu migongo ya kuumia.

Na migongo hiyo ni ya wanaume. Hapa ndipo upande wa pili unapokuwa na haki ambayo watetezi wa usawa wakati mwingine huipita haraka. Kijana wa stoo anayelipwa mshahara uleule na mwenzake wa vipodozi, lakini kila gari likija ndiye anayeitwa, ana hoja ya kweli. Hakuulizwa kama ana tatizo la uti wa mgongo. Akilalamika ataambiwa akaze, yeye ni mwanamume. Kumgawia mtu kazi kwa jinsia yake ni kumnyima haki hata pale kazi yenyewe inapohesabiwa kuwa ni heshima kwake, na sioni sababu ya kulisema hili kwa sauti ya chini.

Hata hivyo, kazi inayoitwa nyepesi nayo ipimwe. Kartoni yenye pakiti 12 za juisi za lita moja inazidi kilo 12. Anayepanga kartoni 60 katika zamu moja amepitisha mikononi zaidi ya kilo 700, akiinama kwa rafu ya chini na kunyoosha mikono kwa ya juu. Hakuna anayesema amebeba mizigo, kwa kuwa hakuna kartoni moja iliyowashtua watu.

Uzito, hata hivyo, ni nusu tu ya suala. Nusu nyingine ni mahali kazi inapompeleka mtu, na kesi inayolionyesha hili kuliko zote ninazozijua ni ya Marekani. Mwaka 1992, mahakama ya shirikisho katika California ya Kaskazini, chini ya Jaji Marilyn Hall Patel, iliamua kwamba kampuni ya supamaketi ya Lucky Stores iliwabagua wanawake. Wanawake waliajiriwa na kupelekwa kwenye vyakula vilivyopikwa, mikate na bidhaa mchanganyiko. Wanaume walipelekwa kwenye mboga na matunda, na kwenye timu ya usiku ya kupanga rafu. Siku ya kwanza, tofauti hiyo ingeonekana ndogo. Miaka ikipita, waliopanda hadi umeneja walitoka kwenye njia za wanaume, kwani huko ndiko mtu alikojifunza duka linavyoendeshwa.

Kampuni ilijitetea kwamba wanawake hawakuvutiwa na kazi zile. Mahakama haikukubali. Miongoni mwa ushahidi yalikuwepo maelezo yaliyoandikwa katika mafunzo ya mameneja, yaliyojaa dhana zilizozoeleka kuhusu wanawake. Huwezi kusema mtu hakutaka kazi ambayo hakutangaziwa, au ambayo bosi wake alikwisha kuamua moyoni kwamba haimfai.

Hoja ya hiari, lakini, haifi kwa hukumu moja. Wapo wanawake wengi ambao kweli wanapendelea kaunta au vipodozi, na wanaume wanaoona afadhali stoo kuliko kugombana na wateja. Kuwalazimisha wote wazunguke kila idara kwa jina la usawa ni ubabe wa aina nyingine. Ninachokidai ni kidogo kuliko hicho, na ni kigumu zaidi: hiari itolewe baada ya kila mtu kuijua kazi ya upande wa pili, awe amewahi kuhesabu mzigo unaoingia, kusaini ankara ya msambazaji na kuona bidhaa zinavyoagizwa. Anayejua hayo ndiye atakayefikiriwa supavaiza wa sasa akiondoka.

Zamu ya usiku ina ugumu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inahesabu usiku kuwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inampa mfanyakazi nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Inakataza mjamzito kupangiwa usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Haijawakataza wanawake wote. Duka linalowatoa wote usiku linawatoa pia kwenye nyongeza hiyo. Lakini meneja anayesema anaogopa mfanyakazi wake atembee peke yake hadi kituoni saa 9 usiku haongopi kuhusu hatari. Dawa ni usafiri, na usafiri ni gharama. Hapo ndipo nia njema ya wengi huishia.

Kisha kuna mshahara wenyewe. Agosti 2024, baraza la kazi la Uingereza liliwapa ushindi zaidi ya wafanyakazi 3,500 wa sasa na wa zamani wa maduka ya nguo ya Next, wengi wao wanawake, waliokuwa wakilipwa chini ya wafanyakazi wa maghala. Kampuni ilisema inafuata bei ya soko la ajira. Baraza lilikataa kwamba hilo linatosha kuhalalisha tofauti kati ya kazi zenye thamani sawa.

Sheria yetu nayo inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa na inakataza ubaguzi wa jinsia, huku ikiruhusu tofauti inayotokana na matakwa ya msingi ya kazi yenyewe. Kuinua kiroba kunaweza kuwa takwa la msingi. Basi apimwe anayekiinua, mwanamume au mwanamke, na asiyeweza apangiwe kingine. Kuwa mwanamume si kipimo cha kuweza.

Najua duka dogo la wafanyakazi watatu lisilo na toroli litaniuliza lifanye nini gari likifika. Mwenye nguvu abebe. Sitamwambia mtu aumie kwa ajili ya kanuni. Ila wakati huo mwanamke apewe kalamu na ankara, ahesabu mzigo, akatae kartoni iliyopasuka, asaini kwa jina lake. Na kijana aliyeshusha viroba leo aruhusiwe kesho kukaa kaunta, mgongo upumzike.