Nani apime maji yaliyo chini ya machimbo ya zamani?

Kila yanapozungumzwa machimbo ya zamani ya Singida na Dodoma, hoja moja hurudi: wanakijiji wapewe vipimo vya mkononi wajipimie wenyewe maji ya chemchemi na makorongo yao. Wengine hujibu kwamba kupima maji ni kazi ya bodi za mabonde na maabara, na kwamba namba iliyosomwa vibaya ina madhara kuliko kutokuwa na namba kabisa. Pande zote mbili zina ukweli, ila zinajibu maswali mawili tofauti. Ndiyo maana hazisikilizani.

Tuangalie Sekenke, wilayani Iramba. Wajerumani walichimba dhahabu hapo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15. Mgodi ule mkubwa uliisha, lakini wachimbaji wadogo wapo bado: wapo maduarani, yaani kwenye mashimo, wapo kwenye makarasha ya kusagia mawe, na wapo wanaochenjua tena marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa kemikali ya sianidi ili kupata dhahabu ambayo zebaki haikuinasa. Maji ya upande huo hushukia mbuga ya Wembere, kuelekea Ziwa Kitangiri na Ziwa Eyasi. Hakuna mto unaoyatoa huko kwenda baharini. Kinachoingia humo kinabaki humo.

Wanaotaka wanakijiji wapime wana hoja nzito, nayo ni mvua. Kanda ya kati ina msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Kiangazi chote, mwamba uliovunjwa na kurundikwa unapigwa na hewa. Ukiwa na madini ya salfa kama pairaiti, hewa na unyevu huzaa tindikali, na chumvi zake hukauka juu ya rundo zikisubiri. Mvua za kwanza huzikumba zote kwa muda mfupi. Mtaalamu anayefika Agosti hukuta korongo kavu, au shimo la maji lililochimbuliwa mchangani. Anajaza chupa yake na kuondoka. Kipimo chake ni sahihi, na bado tukio lenyewe hakikuliona. Anayeteka maji hapo kila alfajiri ndiye atakayekuwapo siku korongo linaposhusha maji.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Sizungumzii wale wanaodai wanakijiji hawana elimu ya kutosha. Mtu anayeingiza namba za LUKU kila mwezi hashindwi kusoma mita ya maji. Tatizo liko kwenye mita yenyewe. Mita ya bei nafuu husoma pH, yaani ukali wa tindikali, na kiasi cha chumvi, basi. Haisomi aseniki, sumu inayotoka mwambani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa aseniki katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kisichobadili rangi, ladha wala harufu. Na pale mwamba unapokuwa na chokaa, tindikali huishia njiani: maji yanatoka meupe, pH ni 7, yaani hayana tindikali, mita inaridhika, na aseniki inaweza kuwamo.

Kinyume chake nacho hutokea. Mji wa Singida una maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, na visima vingi vya kanda hii vina floraidi inayotoka kwenye mwamba tu, bila mkono wa mchimbaji yeyote. Namba kubwa ya chumvi inaweza kuwatisha watu wakakimbia kisima kisicho na sumu ya machimbo, au kuwatwisha wachimbaji wa leo lawama za rundo lililoachwa na kampuni ambayo haipo tena. Nimeona wachimbaji wadogo wakilalamikia hilo, na nadhani wana haki ya kuuliza.

Zebaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu pande zote mbili huisahau. Nyingi haikai kwenye maji, hushika tope. Humo vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia kwa samaki na kuzidi kujilimbikiza kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo. Unaweza kupima maji ya kijito mwaka mzima ukaambiwa ni salama, huku tope la chini ya mwalo wa kuoshea dhahabu likisema jambo jingine.

Kuna pia suala la kuaminiana. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni uchafu kama kinyesi cha mifugo uliopunguza oksijeni majini, na wananchi wengi hawakukubali. Matokeo yanayoletwa baada ya samaki kufa, wakati watu hawana vipimo vya miaka ya nyuma vya kulinganisha, huwa na kazi ngumu hata yakiwa sahihi.

Kwa maoni yangu, kipimo cha kijiji kipewe kazi moja: kuonyesha badiliko. Wapime juu ya machimbo na chini yake, mahali palepale, kila wiki, na kila siku mvua zikianza. Namba ikiruka, simu iende RUWASA, wakala wa maji vijijini, au Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, na chupa ya maabara ijazwe siku hiyohiyo. Kutamka kwamba maji ni salama kubaki kwa maabara, na tope lipimwe kila baada ya masika. Gharama ndogo ndizo zitakazoua mpango huu: dawa ya kusawazisha mita ikiisha, mita huanza kusema uongo bila mtu kujua.

Lililo gumu kuliko yote ni siku jibu litakapokuwa baya. Kufunga chemchemi kwa bango, wakati kisima kingine kipo mwendo wa saa mbili, ni kuwafanya akina mama wateke palepale usiku. Kwa hiyo mahali pa kisima mbadala, na ofisi itakayolipia boza la maji katika wiki za mwanzo, viandikwe kwenye bajeti ileile ya kununulia mita.