Kina Jones wote hao wametoka wapi?

Ukisikia Jones akili inaenda Uingereza moja kwa moja, na kweli jina lenyewe ni la Kiingereza, ni mtoto wa John basi. Ila waliolijaza duniani ni watu wa Wales, nchi ndogo iliyopakana na Uingereza kwa magharibi, na mi naona wao ndo waliopigwa hapo, hawakuliomba.

Zamani Wales walikua wanaitana kama sisi huku Pwani: jina lako, la baba, la babu. Pale tunaposema bin wao walisema ap, kwa hiyo Dafydd ap Rhys ap Hywel ni Dafydd mtoto wa Rhys mjukuu wa Hywel, na mtoto wa huyo Dafydd anakua ap Dafydd ap Rhys, Hywel anadondoka huko nyuma. Mtu akijitaja tu ushajua ni wa kwa nani.

Sasa akaja Henry wa 8, mfalme wa Uingereza, sheria za 1536 na 1542 zikaiunganisha Wales na Uingereza, mahakama na makaratasi yote Kiingereza, na karani hana muda na ukoo wa mtu, anataka jina moja la mwisho aandike aite mwingine. Kichekesho, Henry mwenyewe ni kitukuu cha Mwelisi, Owain ap Maredudd ap Tudur, yani ukoo mzima wa kifalme ukabaki na jina la babu wa huyo Owain, Tudur ikawa Tudor!

Wengine ap ikamezwa humohumo, ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell. Wengi zaidi wakabandikwa s tu nyuma ya jina la baba, na majina ya kubatizwa yenyewe yalikua machache, kina John kila nyumba, ndo ukapata Jones kila kona. Kaskazini vijijini waligoma mpaka miaka ya 1800 mwanzoni huko, nawapa heko.

Matokeo yake jina halitofautishi mtu. Kijijini wakaanza kuitana kwa kazi, Jones wa maziwa, Jones wa mikate, na kikosi cha Welsh Guards kwenye jeshi la Uingereza wanaongeza kwenye jina tarakimu mbili za mwisho za namba ya askari. 2006 pale Cardiff walijaa Jones 1,224 ukumbi mmoja, rekodi ya dunia kabisa wakati huo. Mwanamuziki David Bowie alizaliwa Jones akalikimbia coz kulikua na Davy Jones mwingine maarufu, wakati mwimbaji Tom Jones alizaliwa Woodward akalifata la upande wa mama.

Marekani nako sensa ya 2010 Jones ni la 5, na zaidi ya theluthi yao ni weusi, maana watu waliotoka utumwani wengine walibaki na jina la bwana na wengine walijichagulia. Kwa wengi wao usitegemee kumkuta John kwenye ukoo.

Kinachoniuma ni kwamba karani yule bado yupo, siku hizi ni fomu ya viza. Juma Ali Hassan akifika Ulaya anaitwa Mister Hassan, babu yake huyo jamani, yaleyale ya Tudor. Wales angalau kuna watu wamerudi kwenye ap, Rhun ap Iorwerth kashika uongozi wa chama cha Plaid Cymru tangu 2023 na jina lake hivohivo, na fomu zimemmeza vizuri tu.